Kicheko cha Mpangaji wa Dacca House

Wahenga waliposema hujafa hujaumbika, walikuwa wakimwonya mwenye kucheka. Onyo hilo lamfaa mno msomaji wa The Cockroach Dance, riwaya ya Meja Mwangi iliyochapishwa mwaka 1979, ambayo pamoja na Kill Me Quick (1973) na Going Down River Road (1976) huichora Nairobi ya walalahoi. Aghalabu wahakiki wameiweka riwaya hii katika fungu la fasihi pendwa na kuiacha huko, kana kwamba kinachochekesha hakiwezi kuwa kizito.

Nguli wake, Dusman Gonzaga, si shujaa. Kazi yake ni kusoma mita za kuegeshea magari jijini. Makao yake ni chumba kimoja katika Dacca House, kando ya Grogan Road, ambayo leo huitwa Kirinyaga Road. Chumba hicho humilikiwa na mende zaidi ya mpangaji. Dusman hulewa, hutukana na kukasirika bila kujua amkasirikie nani. Anapotaka kuondolewa katika kazi hiyo, wakubwa wake humwona mgonjwa wa akili, naye hupelekwa kwa daktari. Kinaya ni dhahiri: kuishi na mende ni uzima, kuyachoka maisha hayo ni wazimu.

Jambo moja halijapewa uzito unaostahili. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini kicheko chake mara nyingi hutokea katika Kiswahili. Mwenye nyumba ni Tumbo Kubwa, aliyeigawa nyumba ya familia moja kuwa vyumba vya kukodisha. Miongoni mwa majirani yumo Sukuma Wiki. Kwa msomaji wa mbali hayo ni majina tu. Kwa msomaji wa Kiswahili ni hukumu: tumbo la mmoja limenenepa kwa kodi, ilhali mwingine ameitwa kwa mboga ya kuivusha juma mifuko mitupu. Lakabu hapa hufanya kazi ambayo tashtiti ingehitaji kurasa nyingi kuitimiza.

Lakini kicheko hicho kina hatari yake. Katika Dacca House yupo pia mtu anayeishi katika chumba kilichokuwa bafu, pamoja na mkewe na mtoto wao mwenye ulemavu. Hana jina, hutambulishwa kwa bafu lake. Mwanzoni msomaji huvutwa acheke: mtu anaishi bafuni! Dusman mwenyewe hamstahimili. Unyonge wa jirani huyu humkera kuliko ujeuri wa Tumbo Kubwa, kwa kuwa ndani yake huona sura ambayo yeye mwenyewe angeweza kuwa nayo kesho. Hapa mwandishi humgeuzia msomaji kioo. Aliyecheka hana budi kujiuliza alikuwa upande wa nani: wa mpangaji, au wa yule anayepokea kodi ya bafu?

Yafaa Dusman alinganishwe na Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Wote wawili ni vijana waliokosana na ulimwengu wao, na hakuna kati yao anayestahili kuigwa. Hata hivyo, Kazimoto, msomi, huyafikiri maisha mpaka akajiua. Dusman hana falsafa ya kumwongoza wala ya kumwangamiza. Ana matusi, jirani na hasira; na hatimaye hasira hiyo hupata mwelekeo, anapojaribu kuwakusanya wapangaji wenzake wamkabili mwenye nyumba. Si ushindi, na riwaya haidai kuwa ni ushindi. Ni mtu aliyetoka katika kuwacheka wanyonge akaanza kujihesabu miongoni mwao.

Basi ucheshi wa riwaya hii si pambo la kuyalainisha mateso. Ni mtego. Anayeisoma bila kucheka hajaielewa. Naye anayefika ukurasa wa mwisho angali akimcheka mtu wa bafuni hajaisoma.