Nondo Asiye na Kinywa

Ndugu wasomaji, nanyi wanafunzi wa zamani mliokwisha sahau ladha ya viwavi kwa kula nyama za mjini, nataka kuwaelezeni habari za nondo mmoja wa miombo yetu hapa Mpika. Sisi watoto wa watu wa reli ya TAZARA, ambao wazazi wetu walitoka Tanzania, tulimjua kwanza sokoni, amekaushwa, akipimwa kwa bakuli. Wenyeji humwita chipumi angali kiwavi; wataalamu humwita Gynanisa maja.

Nondo mwenyewe ni mkubwa. Akitanda mabawa hujaza kiganja. Mabawa ya nyuma yana madoa mawili kama macho ya bundi, na usiku akikurukia karibu na taa utashtuka, hata ukijiita hodari. Lakini ajabu yake si macho, ni kinywa. Hana kinywa cha kulia. Tangu atokapo ardhini mpaka afapo, siku chache tu, hali kitu. Dume hunusa harufu ya jike gizani kwa papasi zake zilizochanuka kama unyoya, hukutana, jike hutaga mayai mtini, basi. Nguvu zote za kuruka na kutaga alizila alipokuwa kiwavi. Nawaombeni mlishike neno hilo, maana ndiko ugomvi wote uliko.

Viwavi hupenda majani ya mti uitwao hapa mutondo. Hula mchana na usiku, hujivua ngozi mara kwa mara, mpaka wanene kama kidole. Aliyeshiba hushuka, hujifukia udongoni, hugeuka pupa, naye hukaa humo kiangazi chote akingoja mvua nyingine.

Msimu wa kuokota ni wiki chache za mwisho wa mwaka. Jirani yetu mmoja, mjane, tunayemwita Bamayo, hutoka alfajiri na ndoo. Huwakamua matumbo, huwachemsha kwa chumvi, huwaanika juani. Magunia huenda Lusaka na miji ya migodi ya shaba. Mwanawe hukaa dawati moja nami, na sare, madaftari na viatu vyake vya Januari vyote vimetoka mutondoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulieleza desturi za watu wa Kopa, upande wetu huu: wazee huangalia mayai, hukataza moto mkali wa mwisho wa kiangazi usiyaunguze, tena hakuna ruhusa ya kuokota kabla ya wakati. Wako wenzangu bwenini wanaocheka kwamba huo ni ushirikina. Mimi naona ni elimu ya viumbe isiyo na ubao. Kiwavi mchanga ana nyama kidogo, na ukimchukua hakuna nondo. Aliyekwisha kushuka ndiye mbegu ya mwakani.

Siku hizi huja wanunuzi na lori kabla viwavi havijakomaa, na pesa taslimu mkononi. Wengine hubeba mashoka, kwa kuwa viwavi vya kileleni havifikiki. Mutondo ulioota miaka mingi huangushwa kwa ndoo mbili! Nilimsikia mtu akimwambia Bamayo, “Ukiacha wewe, ataokota mwingine.” Sikuweza kumpinga, kwa maana asemalo ni kweli.

Mwaka jana Bamayo alichagua miti mitatu nyuma ya shamba lake, akasema viwavi vyake visiguswe, vishuke vyenyewe. Miwili iliokotwa usiku na watu tusiowajua. Wa tatu ulibaki. Mwanawe alinuna, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimechanika, naye alifungua muhula navyo hivyo hivyo.

Mvua zilipoanza mwaka huu tulikwenda sote watatu na taa. Chini ya mti ule wa tatu tuliona nondo saba, na mmoja alikuwa bado anakunjua mabawa. Bamayo amesema mti huo hauguswi tena.