Fundi Asiyelijua Ziwa

Zamani kurasa za tovuti zilifumwa kwa mkono kama nyavu. Tim Berners-Lee alipotoa tovuti ya kwanza ulimwenguni katika mwaka wa 1991, mwenye kutaka ukurasa hakuwa na budi kuuandika alama kwa alama. Mwaka wa 2003 ilizaliwa WordPress, ikaleta violezo vilivyo tayari, kama nguo za dukani. Tangu mwisho wa mwaka wa 2022, ilipotokea ChatGPT, akili mnemba imeingia katika kazi hiyo kwa kasi. Leo mtu hutaja haja yake kwa maneno ya kawaida, na kabla chai haijapoa ukurasa wake umesimama, una rangi, picha na maneno.

Kijana mmoja wa Bangwe, ambaye mama yake huanika na kuuza dagaa, aliipata neema hiyo. Hakuwa na fedha ya kumlipa fundi, wala hakuwa na elimu ya ufundi wenyewe. Usiku mmoja alieleza biashara ya mama yake kwa simu, na ukurasa ukatoka mzuri. Asubuhi alimfuata mama mwaloni akamsomea. Maneno yalikuwa laini: dagaa bora wa baharini, huvuliwa kila siku ya mwaka, hupatikana wakati wowote.

Mama aliacha kutandaza dagaa.

“Mwanangu, hayo kasema nani?”

“Mashine, mama.”

“Mashine hiyo imepata kukesha ziwani?”

Swali lilikuwa fupi, lakini lilikuwa na uzito. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hushindwa na wavuvi hupumzika. Tena katika mwaka wa 2024 uvuvi ulifungwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mteja wa mbali aliyeahidiwa dagaa wa kila siku angalituma fedha yake, angalingoja, kisha angalimwita mwongo mwanamke ambaye hakupata kupunja kipimo.

Mashine haikukusudia hila. Imelishwa maandishi mengi mno, na sehemu kubwa yake ni ya Kiingereza. Nayo hupanga maneno yaelekeayo kufuatana. Lakini neno lielekealo si lazima liwe kweli, na mambo ya mwaloni ambayo hayakuandikwa haikuweza kuyasoma.

Kijana hakukitupa chombo. Aliketi kando ya mama, akafuta bahari akaweka ziwa; akaandika siku za giza na siku za mbalamwezi, na kwamba ziwa likifungwa, biashara hungoja. Rangi zilibaki za mashine. Ahadi ikawa ya mama. Ukurasa ulipungua sifa, ukazidi heshima.

Kazi ya mkono yaweza kupewa mashine, na maskini akapata nafuu. Lakini neno lilitolewapo kwa jina la mtu, deni lake humwangukia mwenye jina.