Barafu Katikati ya Joto la Abu Dhabi

Abu Dhabi mwezi wa Agosti si mji wa kutembea kwa miguu. Joto hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari hukushika mwilini kuliko ule wa Mombasa wakati wa kaskazi. Sisi tuliokwenda kumzuru kaka yetu anayefanya kazi huko tulikuwa tumekwisha kuamua kushinda ndani hadi jua lipungue makali. Lakini binti yake, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa na darasa lake la jioni, naye akatuomba tufuatane. "Shangazi, chukueni masweta," alisema. Tulimcheka.

Uwanja wenyewe umo ndani ya Zayed Sports City, si mbali na Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed. Mlango unapofunguka baridi hukupiga usoni, na miwani hufunikwa na ukungu. Tulivaa masweta kimya kimya. Barafu ile inayoonekana nzito kama jabali kumbe ni ya unene wa sentimita chache tu, imelazwa juu ya sakafu ya zege iliyopitishwa mabomba ya kimiminika baridi mno. Kila baada ya muda huingia mashine mfano wa trekta, ikakwangua uso wa barafu na kuumwagia maji ya moto. Naam, ya moto: huyeyusha mikwaruzo iliyoachwa na viatu, kisha yakaganda pamoja na barafu ya chini, pakawa laini kama kioo.

Binti yetu alikuwa katika wiki yake ya tatu. Alituonyesha kiatu chake, nasi tukaona kwamba kile chuma cha chini si kisu kama tulivyodhani. Kina mfereji katikati, na pande mbili za mfereji ndizo makali: moja la ndani, moja la nje. Kila mwendo wa mchezo huu, kuanzia ule wa kwanza kabisa hadi mizunguko ya hewani, ni suala la kujua umeegemea kali lipi. Mbele ya chuma kuna meno madogo ya kumsaidia mtu kuruka, na hayo ndiyo adui wa anayeanza. Akiinama mbele hukwama, akaanguka kifudifudi.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kuanguka. Mwalimu, mwanamke mpole asiyepaza sauti, huwafundisha kuinama magoti, kuangukia ubavu, na kukunja vidole ndani ya ngumi ili chuma cha mwingine kisivipitie. Kisha mtu hupiga magoti, akasimamisha mguu mmoja, akauinua mwili polepole. Sisi wa pwani tumezoea kupita juu ya mwamba wenye mwani maji yakishatoka: tunakaza mwili na kutazama miguu yetu. Hapa ni kinyume. Anayekaza mwili huanguka, na anayetazama miguu huifuata chini.

"Shangazi, msinitazame nikianguka," alitunong'oneza kabla ya kuingia. Tulijifanya tunatazama simu. Akaanguka mara nne.

Wengi wanaofika mbali katika mchezo huu huanza wakiwa na miaka minne au mitano. Mtoto wa umri huo akianguka, anaanguka kutoka karibu, wala hajali nani amemwona. Wa miaka 14 mwili wake umerefuka juzi tu na bado hajauzoea, kisha watoto wa miaka sita wanampita wakienda kinyumenyume. Tulimwona akishika ukuta, macho yamemjaa machozi. Lakini tuliona pia jambo ambalo wale wadogo hawana. Mwalimu alipomwambia kwamba bega lake la kushoto linatangulia, alilisahihisha papo hapo, akavuka nusu ya uwanja kwa mguu mmoja. Tena hakuna aliyemleta pale kwa kumshika mkono, alichagua mwenyewe.

Kina mama watataka kujua habari ya mavazi. Buibui halifai kabisa, si kwa sababu ya kanuni bali kwa usalama, kwani pindo likinaswa na chuma ni hatari. Binti yetu huvaa suruali pana ya kitambaa kizito, fulana ndefu ya mikono, glavu, na hijabu ya kuvuta kichwani isiyo na pini hata moja. Juu yake kofia ngumu.

Hatungeweza kukaa mahali pale tusimkumbuke Zahra Lari, binti wa Abu Dhabi, aliyeanza akiwa na miaka karibu 12 baada ya kutazama filamu ya Ice Princess. Mwaka 2012 alishindana Canazei, Italia, akiwa amevaa hijabu, na waamuzi wakamkata pointi kwa ajili yake. Hakuivua. Alilipeleka jambo hilo kwa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na hatimaye hijabu ikakubaliwa. Kilichotugusa zaidi ni habari ya baba yake, ambaye mwanzoni hakupenda binti aliyekua ateleze mbele ya watu. Siku moja walikwenda pamoja kuwashangilia wenzake mashindanoni. Akamwona jinsi alivyowashangilia, akampa ruhusa.

Usiku ule, baada ya chakula, tulimsimulia kaka yetu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada zangu, mavazi hayanisumbui. Mwakani mkataba wangu unakwisha, tunarudi Mombasa. Atateleza wapi? Nimpe kitu, kisha nimnyang'anye?"

Tulimtajia uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005 kwenye Barabara ya Mombasa, ambako wachezaji wa hoki ya barafu wa Kenya walijifunzia. Akacheka. Nairobi si Kisauni; mtu hawezi kupanda treni kila Jumamosi kwa ajili ya saa moja ya mazoezi, na gharama yake hata sisi hatukuithubutu kuitaja. Hatukuwa na jibu jingine.

Binti alikuwa akiondoa vyombo. Aliweka sinia mezani, akasema kwa adabu kwamba amekwisha kupiga hesabu: imebaki miezi 11, darasa mara mbili kwa wiki, na mwalimu amemwambia kwamba kwa muda huo anaweza kufika kwenye kuruka. "Nataka hiyo miezi 11, Baba."

Kaka yetu alimtazama, kisha akauliza darasa la Alhamisi linaanza saa ngapi.