RAV4 ao CR-V: gari gani kwa njia zetu za Lubumbashi?

Ndugu wasomaji, mumezoea kusoma hapa habari za mvua, za barabara na za bei ya unga. Leo munivumilie niwaeleze jambo la nyumbani kwangu, kwa sababu kila wiki mtu ananisimamisha njiani na kuniuliza: "Kaka, kwa nini ulinunua Honda na si RAV4 kama watu wote?" Jibu ni refu kidogo, na sehemu yake moja bado inanitia haya.

Tunaishi pembeni ya mji wa Lubumbashi, upande wa Kasapa, ng'ambo ya Chuo Kikuu. Lami inaishia mbali na mlango wetu. Wakati wa kiangazi tunakula vumbi jekundu, na kuanzia Novemba vumbi hilo linageuka matope. Mke wangu ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho upande mwingine kabisa wa mji, kwenye barabara ya Kasumbalesa. Kwa miaka sita alikwenda kwa pikipiki ao kwa basi, akibadilisha mara mbili. Akiwa na zamu ya usiku, mimi silali mpaka nisikie geti. Mwaka jana pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye mvua. Alivunjika mfupa wa mkono, na akakaa nyumbani wiki saba. Siku hiyo tulikubaliana kwamba pesa tuliyokuwa tunaweka kwa ajili ya kumalizia nyumba itanunua gari kwanza.

Tulitaka gari ndogo yenye mwili wa jeep: iliyoinuka, lakini isiyokunywa mafuta kama Land Cruiser. Kwa bei yetu zilibaki mbili tu. Ya kwanza ilikuwa Toyota RAV4 ya mwaka 2007, iliyotoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, usukani kulia. Ya pili ilikuwa Honda CR-V ya mwaka 2008, iliyotoka Ulaya, usukani kushoto. Honda ilizidi kwa dola 1,200.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua kabla ya kuona. RAV4 ni jina. Ukisema RAV4, hata mtoto wa shule anajua. Vipuri vyake vimejaa kila duka, na ukitaka kuiuza, haimalizi wiki. Nilimpa mwenye kuuza dola 100 za kumshika, bila kumuuliza mke wangu. Ndiyo ile sehemu ya haya niliyowaambia.

Yaya yangu, ambaye ameendesha magari makubwa miaka mingi, aliposikia alisema: "Mdogo wangu, hujanunua gari bado, umenunua jina. Ita fundi kwanza." Tukamwita fundi.

Fundi wetu hana maneno mengi. Alifungua kofia ya RAV4, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakifuta, akakirudisha. Mafuta yalikuwa chini sana. Alitueleza kwamba hii injini ya lita 2.4 ni ngumu, inatumia cheni na si mkanda, lakini nyingi za miaka ile zina tabia ya kula mafuta ya injini. Huko Marekani Toyota yenyewe ilipata kutengeneza injini kadhaa za aina hiyo kwa sababu ya tabia hiyo. "Si ugonjwa wa kufa," alisema, "lakini mwenye gari hii asipime mafuta mara moja kwa mwezi. Apime kila wiki."

Kwenye Honda alitembea nayo taratibu, akakata kona usukani ukiwa umezungushwa wote. Nyuma kukasikika mngurumo, kama mtu anayekoroma. Mimi nikafurahi kimoyomoyo, nikadhani Honda imekwisha. Fundi akatikisa kichwa. Ni mafuta ya difransio ya nyuma yaliyozeeka, akasema. Yanabadilishwa kwa mafuta ya Honda yenyewe na sauti inaondoka. Ukiweka mafuta ya aina nyingine, utakuwa unatafuta hasara.

Basi tukaamua kuzipima zote mbili kwa njia zetu wenyewe. Wauzaji walikubali, mmoja siku ya Jumamosi, mwingine siku ya pili. Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha kama ilikuwa imetumwa.

Kwenye matope RAV4 ilishinda, sitaficha. Ina kifungo kimoja kwenye dashibodi: ukikibonyeza, nguvu inagawanywa kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, mpaka ufikishe kama kilomita 40 kwa saa, halafu kinajifungua chenyewe. Mke wangu alikibonyeza mbele ya lile shimo letu mnalolijua, gari ikapanda kama mbuzi. Honda haina kifungo hicho. Yenyewe inangoja magurudumu ya mbele yateleze ndipo inaamsha ya nyuma. Pale shimoni ilizunguka, ikafikiri, ikazunguka tena. Vijana wa kartie walisukuma, tukalipa franka za soda, tukatoka. Mimi nikamwangalia mke wangu: umeona?

Kuhusu mizigo, mambo yaligeuka. Mlango wa nyuma wa RAV4 unafunguka kwa upande kama mlango wa nyumba, umebeba gurudumu la akiba mgongoni, na bawaba zake ziko kulia. Huko Japani wanakoendesha upande wa kushoto, ni sawa kabisa. Lakini sisi tunaegesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango unakuziba wewe unayetoka kando ya barabara na mfuko wa unga begani. Lazima uzungukie kwenye magari. Mlango wa CR-V unapanda juu, unasimama chini yake hata mvua ikinyesha. Ila gurudumu lake la akiba liko chini ya sakafu ya buti. Ukitoboka ukiwa na mifuko minne ya makala, utaishusha yote.

Ndipo tukafika kwenye barabara ya Kasumbalesa.

Wote munaijua. Ni barabara namba moja ya taifa, na usiku na mchana malori yenye shaba yanakwenda Zambia na mengine yanarudi. Kuendesha pale ni kufuata lori, na kufuata lori ni kutafuta nafasi ya kulipita. Katika nchi yetu tunaendesha upande wa kulia. Mwenye usukani kulia, akiwa nyuma ya lori, haoni ng'ambo. Anaona mlango wa lori tu. Akitaka kuona, lazima atoe karibu gari nzima kwenye njia ya wengine.

Mke wangu alikuwa kwenye usukani wa RAV4, mimi kushoto kwake. Nilikuwa nimemwambia, kwa majivuno ya mume: "Usiogope, mimi nitakuwa macho yako." Tukafika nyuma ya lori lenye trela. Nilichungulia, nikaona barabara nyeupe. Nikasema: "Pita." Akatoka. Pale mbele barabara inashuka kidogo, na ndani ya ule mshuko kulikuwa na pikapu ambayo sikuiona. Ilipanda mbele yetu taa zikiwaka. Nilipiga kelele, "Rudi!" Alikanyaga breki, akarudi nyuma ya trela. Ile pikapu ikapita ikipiga honi ndefu. Naisikia mpaka leo.

Hakusema neno. Aliendesha polepole mpaka mahali pa kusimama, akazima gari, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. Ule mkono uliokuwa umevunjika ulikuwa unatetemeka. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba watoto, saa kumi na moja ya asubuhi nikitoka zamu, wewe uko nyumbani. Macho yangu nitayaacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima matope, mlango, jina na bei ya kuuzia. Sikuwa nimepima kwamba gari ni ya mtu atakayekuwa peke yake ndani yake.

Kurudi, penye peaje, dirisha la kulipia lilikuwa upande wangu, nikatoa pesa mimi. Tukaangaliana. Angekuwa peke yake, angelipaje? Angevuka kiti, ao angeshuka. Usiku ule fundi akatuongezea jambo ambalo sikulijua: taa za gari za Japani zimetengenezwa kumulika zaidi kando ya kushoto. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzio. Kwa hiyo unamwasha machoni, na ile kando ya kulia wanakotembea watu na baiskeli inabaki na giza.

Nilijaribu mara ya mwisho. Nilimuuliza fundi kama hawezi kuhamisha usukani kwenda kushoto, maana naona garaji zinafanya. Alisema: "Zinafanya, ndiyo. Lakini humo munakatwa chuma, munahamishwa breki, na mfuko wa hewa wa dereva unabaki jina. Mimi siwezi kumfanyia mama anayetibu watoto wangu."

Siku ya pili tulijaribu Honda kwenye barabara ileile. Nyuma ya lori, mke wangu alisogea kidogo tu kushoto, akaona mwenyewe, akangoja, akaona tena, akapita. Mimi nilikaa kimya kama abiria. Hapo biashara ilikwisha.

Zile dola 100 sikurudishiwa, na sikudai sana. Dola 1,200 za ziada zilitoka kwenye pikipiki yangu niliyoiuza. Sasa mimi ndiye ninayepanda basi kwenda kutafuta habari. Nyumba bado haina plafo. Kuhusu lile shimo, tulikutana majirani tisa, tukachangia lori moja la changarawe, tukalijaza kabla ya mvua za Januari. Honda imekwama mara mbili tangu hapo, na mara mbili vijana wamekunywa soda yangu.

Sisemi RAV4 ni mbaya. Kama unaishi penye matope na safari zako zinaishia sokoni na shuleni, bila malori ya kupita, inaweza kukufaa kuliko hii yangu. Tena ukiipata yenye usukani kushoto na pesa yako inatosha, usingoje ushauri wangu. Ila wenye kununua usukani kulia wengi wanafanya hivyo kwa sababu ndio pesa waliyo nayo, na siwacheki. Kwao nasema mambo mawili: mpeleke garaji akurekebishie taa, na nyuma ya lori jifunze kungoja. Kuchelewa Kasumbalesa si dhambi.

Na wewe mume mwenzangu unayekwenda kununua gari ya mama watoto, usitangulie kutoa dola 100 zako. Mpe ufunguo kwanza, umwache aende nayo njia yake, saa yake. Kisha umuulize aliona nini.

Jana alirudi kutoka zamu saa kumi na mbili kasoro. Nilisikia geti, nikageuka upande wa pili, nikalala.