Mzigo Unaojibu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukitwishwa wewe ndipo unajua uzito wake. Sawa, lakini hawakutuambia habari ya yule aliyezoea kubeba halafu akanyang'anywa mzigo ghafla. Binadamu atamshukuru Mungu, ataenda zake chini ya mwembe apunge upepo. Amplifaya ya valvu haina shukrani ya namna hiyo. Ukiinyang'anya mzigo, inaungua.

Nazungumzia amplifaya za gitaa za kizamani, zile zenye chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Ninayo moja. Inakaa nami Makanyagio, hapa Mpanda, kwenye chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Ina wati 50, valvu mbili kubwa za EL34, na uzito wa kumtoa jasho mpagazi wa stesheni. Mzigo wake ni spika. Na spika ndiyo iliyoniletea mtihani.

Mjomba wangu alikuwa mpiga solo Tabora, enzi za dansi. Anayeijua historia ya muziki wetu anafahamu kwamba Tabora haikuwa mji wa maembe tu. Ulikuwa mji wa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Siku hizo mwanamuziki wa kawaida hakuwa na chombo. Gitaa, amplifaya, ngoma, vyote mali ya klabu au ya tajiri. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako. Mjomba aliambulia amplifaya hii pale bendi moja ndogo ilipokufa na mishahara haijalipwa. Akaipakia kwenye treni, ikashuka naye hapa mwisho wa reli, ile reli ya tawi kutoka Kaliua ambayo mkoloni aliifikisha Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki. Mjomba naye alipofariki, amplifaya ikaja kwangu.

Huku kwetu gitaa halikufa pamoja na dansi, lilihamia kanisani. Tumekua na kanda za kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972 na wengi wao wakapewa uraia mwaka 2014, wanajua gitaa ni nini. Lakini vyombo vya kwaya ni vya transista. Nyingi kati ya hizo ukichomoa spika hazidhuriki, zinanyamaza tu. Kwa hiyo hata wapigaji wazuri nilipowauliza habari za valvu walinitazama kama nauliza bei ya ngamia.

Ngoja nieleze kwa nini valvu haitaki kuachwa bila mzigo. Kati ya valvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti. Umeme unaopita hapo ndani ni wa volti mia nne na kitu. Spika ikiwepo, nguvu ina pa kwenda. Isipokuwepo, volti zinapanda zenyewe hadi cheche zinaruka kwenye soketi ya valvu, au zinatoboa vanishi ya waya ndani ya transfoma. Na transfoma ikitoboka Mpanda, imetoboka. Mafundi wa kusuka mota za pampu tunao, tena hodari, lakini transfoma ya namna hii imesukwa tabaka kwa tabaka, waya mwembamba na mnene zikipishana, na hesabu yake alikufa nayo aliyeisuka.

Sasa, nyuma ya ukuta wangu analala mjukuu wa mama mwenye nyumba. Mtoto ana selimundu. Maumivu yakimshika, usingizi kwake ni dawa, na dawa hiyo haiuzwi duka lolote hapa mjini. Mama hakunifukuza. Alinijia jioni moja, nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema taratibu:

"Baba, mimi sikukatazi kupiga. Marehemu mjomba wako alipiga kwenye harusi yangu. Naomba tu mtoto alale."

Angenigombeza ningejua la kujibu. Ombi kama lile utalijibu nini? Na mimi muda wangu wa gitaa ni usiku, maana mchana wote nauza duka la watu.

Utaniambia: si upunguze sauti? Ndugu msomaji, sikiliza. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa kiasi cha desibeli 97 hadi 100 kwa wati moja tu, ukipima mita moja mbele yake. Ukishusha wati 50 zikawa 5, sikio linasikia kama sauti imepungua nusu tu. Kati ya wati 5 na ukuta wa tofali la kuchoma, mshindi anajulikana. Halafu ukishusha hadi chini kabisa, valvu hazitoi kile kilichokufanya uzitake. Utamu wake unatoka pale valvu za mwisho na transfoma zinaposukumwa hadi zinaanza kukwaruza. Bila hapo, bora ninunue redio.

Wakati huohuo mtu wa Dar alikuwa ananipigia simu. Anaitaka amplifaya, na bei yake ingenipa pikipiki. Washikaji kijiweni wakasema mshiko huo si wa kuulizia mara mbili: bodaboda inaingiza hela kila siku, amplifaya inaingiza kelele. Hawakukosea hesabu. Nilikuwa na akiba yangu kidogo, nusu ya pikipiki hivi, na ilibidi niamue ifanye nini.

Kifaa nilichokihitaji kipo: sanduku la mzigo. Unachomoa spika, unachomeka sanduku. Nguvu ya amplifaya inageuka joto humo ndani, na sauti kidogo inachotwa kupelekwa kwenye kompyuta au hedifoni. Wazo si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston, alikuwa tayari anauza kifaa chake, Power Soak, cha kumeza nguvu ya amplifaya kabla haijafika kwenye spika.

Nilianza na fundi redio wa sokoni, mzee ambaye hajawahi kushindwa na kitu chenye waya. Akaniambia, "Mwanangu, mzigo ni ukinzani tu. Lete pasi." Tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Pasi ya wati 1000 kwa volti 230 ina kama omu 53. Amplifaya yangu inataka omu 8. Ukiunganisha pasi sita sambamba unapata karibu omu 9. Pasi sita kwa gitaa moja! Mtaa mzima ungeenda kanisani na mikunjo.

Nilicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Pasi sita zingemeza wati 50 bila kupata joto la maana. Nilikataa kwa sababu mbili. Kwanza, kila pasi ina kidude cha kukata umeme kulingana na joto. Mtu akikigusa, mkondo unakatika kwenye pasi hiyo na omu zinapanda bila wewe kujua. Ya pili ndiyo iliyonifundisha jambo: pasi ni mzigo bubu.

Ukinzani mtupu unapinga sauti zote sawasawa, nene na nyembamba. Spika haiko hivyo. Koni inapotikisika, koili yake inacheza ndani ya sumaku, na ikicheza inazalisha umeme wake yenyewe, inaurudisha kule ulikotoka. Spika inajibu. Karibu na hezi 75, kwa spika nyingi za gitaa, koni inapenda kutikisika yenyewe, na hapo spika iliyoandikwa omu 8 inapanda mara kadhaa ya hizo. Uzi mnene wa E ni hezi 82, jirani kabisa. Ndiyo maana ukiupiga unasikia kifua kinasukumwa. Kule juu, kwenye sauti nyembamba, koili inazidi kuwa ngumu kupitika, omu zinapanda tena, na mlio unang'aa. Amplifaya ya valvu inafuata vilima na mabonde hayo yote. Ukiipa pasi, umeipa uwanja wa mpira: tambarare mwanzo hadi mwisho. Haitaungua, lakini itapiga kama mtu anayeongea na ukuta.

Mzigo unaojibu ni sanduku lenye koili na kapasita pamoja na resista, zilizopangwa ili vilima hivyo viwepo, na amplifaya ijione iko na spika. Tulifikiria kulitengeneza wenyewe. Waya wa shaba upo kwa wasuka mota. Kapasita zenyewe na kifaa cha kupimia koili ndivyo havikupatikana, na sikutaka kubahatisha kwa transfoma ya mjomba.

Zikabaki zile za kiwandani. Ukizitazama utachanganyikiwa, maana kila moja inajisifia picha za kwenye kioo chake. Mimi nilijiwekea maswali manne, na nikayashika kwa mpangilio.

La kwanza, omu. Amplifaya yangu ni ya omu 8, basi sanduku liwe la omu 8. Universal Audio OX unachagua 4, 8 au 16. Two Notes Captor ya Wafaransa ilitolewa kwa aina tatu tofauti, moja kwa kila kipimo, kwa hiyo ukinunua angalia namba. Suhr Reactive Load ya Wamarekani ni 8 peke yake.

La pili, wati. Usidanganyike na 50 iliyoandikwa mgongoni. Amplifaya ikisukumwa hadi kukwaruza kabisa inaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Sanduku la wati 100 ndilo la kuanzia. Na joto lake ni la kweli, usilifunike na kanga ukidhani unalikinga vumbi.

La tatu, umeme. Mpanda kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa jenereta za dizeli, na tunajua umeme ni mgeni. Nilitaka sanduku ambalo kazi yake ya kubeba haitegemei plagi. Suhr halina plagi kabisa: koili haihitaji kuwashwa ili iwe koili.

La nne, kabati. Sauti inayochotwa kwenye sanduku haijapita kwenye spika wala mbao. Ukiisikiliza hivyohivyo ni nyuki ndani ya debe. OX lina kompyuta yake ndani ya kuitengeneza, na bei yake inasema hivyo. Lakini kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida, kwa faili dogo lililopimwa kutoka kwenye kabati la kweli. Kompyuta ya mkononi ya kuazima ninayo. Kubeba mzigo haikuwezi. Kwa hiyo fedha nikaiweka kwenye mzigo.

Nilinunua Suhr, la mkono wa pili, likaja kwa basi kutoka Dar limefungwa ndani ya gunia la mchele. Nusu ya pikipiki ikaishia hapo. Mtu wa Dar nikamwambia haiuzwi. Kijiweni waliniuliza nani kaniroga, na sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Hadi leo sina. Valvu zinachakaa vilevile kama zinapiga dansi ukumbini, na siku zikifa nitazitafuta kwa taabu. Hayo yote nilikwishayahesabu.

Ninachojua ni kwamba sasa saa tano usiku napiga, na upande wa pili wa ukuta wanasikia kucha kwenye nyuzi tu. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama nimeacha muziki. Nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza, akasema, "Ni yeye kabisa, huyu marehemu," akaivua haraka, akaenda kumtazama mtoto.

Ninyi mnaoandika mtaniuliza haya yanawahusu nini. Nanyi mna sauti, na wengi mnaandika usiku, pembeni ya watu waliolala. Msiogope kuandika kimyakimya. Ila angalieni mnamsomea nani. Rafiki anayesema "safi sana" kwa kila ukurasa ni pasi sita: anameza yote, hapandi hashuki, na wewe unazidi kupiga tambarare. Na droo ni mbaya zaidi, maana pale hakuna mzigo kabisa. Mtafute mmoja anayekurudishia kitu pale ulipogusa penyewe, na awe wa kipimo chako.

Kwa wenye amplifaya nina mawili ya nyongeza. Kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye sanduku tumia waya wa spika, mnene, usitumie ule wa gitaa. Na kabla hujachomoa spika, zima kwanza. Hilo halina mjadala.