Kindi Mgonjwa wa Mutu-ini

Nashuhudia jambo lililotokea hapa kwetu Mutu-ini, Dagoretti, wakati wa ile baridi kali ya Julai. Nalisema waziwazi kwa sababu wengi wa majirani zangu bado wanaamini nilichokuwa nikiamini mimi, kwamba mnyama wa porini akiugua, hayo ni ya serikali na watalii.

Ploti tunayoishi ilikuwa shamba zamani. Shamba likagawanywa, vyumba vya kupangisha vikajengwa, lakini miparachichi ilibaki pamoja na mti mmoja mzee wa mukima, na kindi hawakuhama. Ni wale wadogo wa rangi ya kaki ambao wataalamu huwaita Paraxerus ochraceus. Nilikuwa nimewazoea kiasi cha kutowaona tena.

Asubuhi moja nikamwona mmoja juu ya ukuta, karibu sana. Mgongo wote ulikuwa mtupu, ngozi ya kijivu iliyokunjamana na kubanduka magamba. Manyoya yalikuwa yamekwisha kuzunguka macho, na ukingo wa sikio moja ulikuwa umeota ukoko mnene. Alishika punje ya mahindi kwa mikono miwili, akaing'ata kidogo, akaiacha ili ajikune ubavuni kwa mguu wa nyuma. Alijikuna kwa nguvu hadi akayumba. Akairudia punje, akaiacha tena. Muda wa kujikuna ulikuwa mwingi kuliko wa kula.

Jirani mmoja alisema hicho ni kichaa cha mbwa, na vijana wakaanza kuokota mawe. Niliwazuia. Nilipokuwa shule ya msingi niliwahi kupata mashilingi, yaani choa, kichwani. Nilinyolewa, nikapakwa ile dawa ya zambarau, na dawati langu likawa la mtu mmoja. Anayeugua ngozi hukimbiwa kabla hajaulizwa anaumwa nini. Isitoshe, wanyama wadogo wa jamii ya panya na kindi ni nadra mno kukutwa na kichaa cha mbwa.

Nikaenda agrovet pale Dagoretti Market. Kijana wa dukani alikuwa na nia njema. "Mama, huo ni upele tu. Chukua ivermectin, mwekee tone moja kwenye mkate." Nilimshukuru, lakini kabla ya kununua nikapeleka picha ya yule kindi kwa daktari wa mifugo anayewatibu ng'ombe wa upande wetu. Nitaendelea kumshukuru kwa dakika alizonipa.

Alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya risiti, huku akinieleza. Ile ivermectin ya sindano ya ng'ombe, mililita 1 inamtosha mnyama wa kilo 50. Kindi tumkadirie gramu 100. Basi hiyo mililita uigawe mara 500! Tone moja tu ni zaidi ya dozi 20 kwa mnyama huyo. Tena mkate ukiuweka ukutani, nani atakuhakikishia ameula mgonjwa, si ndege wala jike mwenye mimba? Dawa yenyewe haiui mayai ya utitiri unaoleta upele, ndiyo maana hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Na pengine si utitiri kabisa. Ikiwa ni choa, ivermectin haigusi choa. Ili kujua ni lazima ngozi ikwanguliwe na kutazamwa kwa hadubini, na kumkamata kindi wa porini ni kazi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumfuga nyumbani bila kibali, hata kwa huruma.

Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Naye akaniuliza, "Hawa kindi wanakutana wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kubadilika, maana jibu nilikuwa nalijua. Wanakutana kwenye chombo cha kulishia kuku. Wapangaji wote humwaga pale mabaki ya githeri na ugali. Panya huja, kindi huja, na mbwa wa ploti, ambaye naye alikuwa akijikuna mwaka mzima, hulala hapo hapo. Utitiri huchimba ndani ya ngozi na kutaga humo, kisha huhama kwa kugusana na kwa kulala pamoja. Wanyama wakisongamana mahali pamoja, ugonjwa unapata njia.

Tulikubaliana na wenzangu kuku walishwe ndani ya banda na chombo kiondolewe jioni. Tulifagia pale mahali, tukapamwagia maji ya moto, tukapaacha jua lipapige. Mbwa akadungwa sindano yake na daktari, kwa kipimo chake, na akarudiwa. Jambo gumu lilikuwa la mukima. Mama mwenye ploti alikuwa amekwisha kumwita fundi wa kukata matawi, na kwenye tundu la tawi kavu ndimo kindi walimolala. Dagoretti iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mnyama mdogo asiye na manyoya hupoteza joto upesi. Mara nyingi kinachomuua ni baridi, njaa na vidonda vinavyooza, si utitiri wenyewe. Nilimsihi Mama asubiri jua la Septemba. Alinitazama kwa muda, akakubali.

Sidai kwamba nilimponya. Daktari aliniambia mapema kwamba wengine hupona wenyewe wakipata nguvu, na wengine hufa kimya kimya. Ninachoweza kusema ni kwamba baridi ilipokwisha alikuwa bado anapanda mti, yule yule mwenye sikio lililokuwa na ukoko ukingoni, na mgongoni manyoya mafupi laini yalikuwa yamefunika ngozi.

Mimi ndiye niliyebadilika zaidi. Baadaye mtoto wa chumba cha pili alipoota upele katikati ya vidole, wapangaji walianza kuwaita watoto wao ndani. Mimi nilikwenda kuketi na mama yake, tukampeleka hospitali. Nyumba nzima ilipakwa dawa siku moja, blanketi zikafuliwa kwa maji ya moto, na mtoto akarudi kucheza na wenzake. Zamani ningefunga mlango wangu kama wengine.

Nawe unayesoma, ukimwona kindi aliyenyonyoka manyoya, mpige picha ukiwa mbali na umwonyeshe daktari wa mifugo. Ondoa chakula kinachowakusanya. Akianguka chini na kushindwa kupanda, wapigie KWS. Dawa ya ng'ombe usimtilie, hata tone moja.