Kompyuta Inayoganda

Katika mji wetu, fundi wa kompyuta akishindwa kuujua ugonjwa husema, "Hii imezeeka." Neno hilo humaliza mjadala. Mwenye kompyuta huitika kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli imezeeka, kisha huelekezwa kwenye kabati la vioo ambamo mna mpya zinazouzwa na fundi huyo huyo. Sina ugomvi na mafundi wala na biashara. Ila nimeishi na maneno muda wa kutosha kujua kwamba neno linalojibu kila swali aghalabu huwa halijajibu hata moja. Uzee ni hali. Uzee haukati umeme wala hausimamishi kishale katikati ya mshororo. Kinachofanya hayo ni kitu maalumu, chenye mahali pake ndani ya sanduku na chenye jina lake.

Kompyuta yangu ya mezani niliinunua mwaka 2004. Ina prosesa ya Pentium 4 na mfumo wa Windows XP, ambao kampuni yake iliacha kuuhudumia mwezi wa Aprili 2014. Sishangai, basi, nikiona vijana wanaitazama kama wanavyoitazama taa ya kandili. Barua zangu huziandika kwenye kompyuta ndogo ya kisasa, na hii kongwe haijaguswa na intaneti kwa miaka mingi. Nimebaki nayo kwa sababu moja tu, na sababu hiyo yahitaji maelezo.

Ndani yake mna utenzi. Mswada wake ulikuwa wa ukoo wetu kwa upande wa mama: beti 900 na ushei, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya kahawia. Niliuandika upya humo kati ya mwaka 2005 na 2010, herufi kwa herufi, kwa hati zile zile, kwa kuwa sikutaka kuwaamulia wasomaji wa baadaye namna ya kuusoma. Wapenzi wa tungo za kale watanifahamu. Mwandishi wa zamani aliyekuwa na ب moja tu aliitumia kwa b, kwa p na kwa mb. Neno lenye ب mbili zenye fataha laweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Anayelihamishia katika herufi za Kilatini amekwisha kuchagua, na msomaji wake hatajua kwamba palikuwa na hiari. Tangu nimalize kazi hiyo, mswada wenyewe umeliwa na wadudu na unyevu. Kurasa za mwisho leo ni unga.

Nakala za mafaili yangu zimo katika visahani na vifaa vitatu mbalimbali, kwa hiyo hofu yangu haikuwa kupotea kwa mafaili. Hofu ilikuwa kutosomeka. Programu niliyoitumia ilitengenezwa na kampuni ndogo ambayo haipo tena. Ilizichukua namba za herufi za Kilatini ikazivika sura za Kiarabu. Yenyewe ndiyo iliyozipanga kutoka kulia kwenda kushoto, na yenyewe ndiyo iliyoamua herufi ivae umbo gani mwanzoni mwa neno, katikati au mwishoni. Lifungue faili langu katika kompyuta ya kisasa utaona mlolongo wa herufi kama za Kifaransa kilichopandwa na homa, zimejaa vikofia na nukta. Tena programu hiyo haifunguki mpaka kichomekwe kifunguo cha plastiki nyuma ya sanduku, katika tundu la kale la printa, na tundu hilo kompyuta za leo hazina.

Njia ilikuwa moja: kutengeneza jedwali linaloonyesha kila namba ya zamani na herufi yake katika Yunikodi, mpango wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake ya kudumu, na ambao una nafasi ya پ na چ na ڤ tunazozihitaji sisi. Jedwali hilo haliwezi kutengenezwa bila ya kuiona programu ya zamani ikifanya kazi. Nilikuwa nimefika mstari wa 40 hivi, katika mistari zaidi ya 150, kompyuta ilipoanza kuganda.

Nalipenda neno hili, kuganda. Maziwa huganda, damu huganda, na mafuta ya nazi huganda asubuhi za kipupwe kisha yakaachia jua likipanda. Kilichoganda hakijafa. Na kama kitaachia au hakitaachia, hilo latokana na kilichokigandisha.

Jambo la kwanza nililotaka kulijua ni kuganda huku kulikuwa kwa namna gani, kwani zipo namna mbili zinazofanana usoni. Ipo kompyuta inayosimama kwa sababu imezidiwa: kishale chaenda kwa kusitasita, diski yakwaruza, nayo ukiisubiri hurudi. Ipo nyingine inayosimama kama sanamu. Kuzitofautisha si kazi kubwa. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi, uitazame taa yake ndogo. Ikiwaka na kuzima kwa amri yako, moyo wa mfumo bado wapiga. Yangu haikuwaka.

Nikafungua daftari. Kila ilipoganda niliandika saa, hali ya hewa, umeme ulikuwaje, na nilikuwa nafanya nini. Nasisitiza daftari kwa sababu kumbukumbu ya mwenye hasira haiaminiki. Itakwambia kompyuta huganda "kila mara", na hakuna tiba ya "kila mara".

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa joto, na katika kaskazi ya Januari nani asingelituhumu? Nilifungua ubavu wa sanduku, nikapiga mswaki vumbi lililofanya zulia juu ya feni, nikapangusa ile dawa nyeupe iliyo baina ya prosesa na bati lake la kupozea, maana ilikuwa imekauka kama chokaa, nikatia mpya. Kisha nikaweka feni ya mezani ikivumia humo humo. Ikaganda vile vile. Joto nikaliachia huru.

Wa pili alikuwa vijiti vya kumbukumbu. Sisi wa visiwani hatuhitaji kuambiwa chumvi ya hewani inafanya nini kwa chuma. Nilivichomoa, nikavisugua miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi, nikavirudisha, nikaiwasha kwa kisahani chenye Memtest86, programu inayoandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu usiku kucha. Asubuhi haikuwa na kosa hata moja. Nami nilichukua kijiti kimoja kimoja, sikugusa viwili kwa pamoja.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Ukikutana na kipande cha utenzi chenye mizani 7 mahali panapotakiwa 8, ni rahisi kubadili neno hapa na kuongeza silabi pale hadi kipande kikae sawa. Kitakaa, walakini hutajua kamwe kosa lilikuwa wapi, na pengine utakuwa umelitupa neno zima lililokuwa salama. Kuna utaratibu. Kwanza hesabu tena. Kisha tazama kina cha mwisho, kwa kuwa kina cha bahari hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na hicho ndicho shahidi asiyehongeka. Kisha jiulize iwapo ile ب yaweza kusomwa mb. Badili kitu kimoja, usome, ukirudishe kama hakikusaidia. Beti za Muyaka tunazo leo kwa kuwa palikuwa na watu wa subira ya namna hiyo: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya pamoja na W. E. Taylor, na diwani yake ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Baina ya mtunzi na kitabu palikuwa na miaka mia, na mikono kadhaa ambayo ingeweza kusema mambo haya yamezeeka.

Nirudi kwenye sanduku. Ili kujua kama kosa ni la programu au la chombo, niliiwasha kompyuta kwa kisahani cha mfumo wa Linux, mfumo unaoendeshwa bila ya kugusa diski kuu. Wimbi la furaha likapita kwa dakika kumi na mbili, kisha ikaganda. Kwa kitendo hicho kimoja nikawa nimeiondolea lawama Windows, nimewaondolea lawama virusi, na kwa kiasi kikubwa nimeiondolea lawama diski. Wale walionishauri "uifute yote uanze upya" wangenifutia programu ambayo haipatikani popote duniani, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Basi nikalisoma daftari. Haikuganda zaidi mchana kuliko alfajiri. Haikuganda nilipokuwa nasoma. Iliganda nilipoiamuru kufanya kazi nzito: kufungua faili zima la utenzi, au kutafuta neno katika beti zote. Kilichoiangusha kilikuwa mzigo. Prosesa ikipewa kazi huomba umeme mwingi kwa ghafla, na kazi ya kuusawazisha umeme huo hufanywa na kapasita, vile vidude vya mviringo kama vidumu vidogo vilivyosimama juu ya ubao mkuu kuizunguka prosesa. Kwanza nilipima umeme unaotoka kwenye pawasapulai; waya wa volti 12 unaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, na wangu ulisoma 11.9. Kisha nikawasha tochi nikavitazama vile vidumu.

Kapasita nzima ina kichwa bapa. Tano za kwangu zilikuwa zimetuna kama paa la kuba, na mojawapo ilikuwa imepasuka pale penye alama ya msalaba iliyochongwa makusudi ili ipasukie hapo, na ute wake umegandia pembeni, rangi ya kutu.

Kapasita za miaka ile zina kisa. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, ziliingia sokoni kapasita nyingi mbovu, zikaua kompyuta duniani kote kabla ya umri wake. Maji ya umeme yaliyomo ndani hayakuwa na viungo vyote vya kuyatuliza, yakazalisha gesi ya haidrojeni, nayo gesi ikavimbisha kopo. Ilivumishwa wakati ule kwamba fomyula ya kiwanda kimoja ilikuwa imeibwa na kunakiliwa nusu. Uvumi huo haukuthibitishwa, nami siushikilii. Lakini mfasiri hawezi kuusikia bila ya kusisimka: nakala iliyoruka mshororo mmoja, ikaonekana kamili kwa kila aliyeitazama, na kasoro yake ikajitokeza baada ya miaka, ndani ya nyumba za watu. Na sisi tukaongeza ya kwetu. Umeme wa Unguja ulikatika wiki nyingi mwezi wa Mei na Juni 2008, ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na katika miezi hiyo kompyuta hii iliishi kwa jenereta ya jirani, ambayo sauti yake peke yake yatosha kueleza umeme wake.

Kijana wa jirani, fundi wa redio, alikuja na pasi yake ya risasi. Akautazama ubao kwa muda mrefu. "Ami," akaniambia, "ubao huu una matabaka, risasi yake ngumu kuyeyuka. Waweza kunifia mkononi."

"Ukifa," nikamjibu, "tutajua umekufa kwa nini."

Nilisema hivyo kwa sauti ya utulivu, lakini usiku ule wa kuamkia kazi sikulala. Jedwali lilikuwa bado kwenye mstari wa 40.

Masharti ya badala si mengi, ila hayana msamaha. Ujazo uwe ule ule, kwangu maikrofaradi 3300. Volti zisipungue zile za mwanzo. Kopo liwe limeandikwa nyuzi 105, si 85, kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa takriban nusu. Iwe ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya ubao wa kompyuta, si ile ya redio. Na mstari wa upande hasi utazame pale pale ulipotazama wa kwanza, la sivyo italipuka. Tatu alizipata Dar es Salaam, mbili alizing'oa kwenye ubao mwingine uliokufa kwa radi. Kazi ilichukua saa nne. Tundu moja lilikataa kuachia risasi, akalitoboa kwa sindano ya cherehani, pumzi zetu sote zimesimama.

Iliwaka. Nikaiamuru itafute neno moja katika beti zote 900, jambo ambalo lilikuwa likiiangusha kila mara, na hapa neno "kila mara" nalitumia kwa ushahidi wa daftari. Ikatafuta, ikalipata mara 31.

Imepita miezi mitano. Jedwali lilikamilika kwa mistari 163, na sasa nahamisha utenzi wenyewe, kurasa chache kila asubuhi kabla ya umeme wa mtaa kulegea, nikilinganisha kila ubeti kwenye skrini mbili. Zimebaki kurasa 61. Kijana ameniagizia kapasita nyingine sita za akiba, maana katika safu ya pili, karibu na vijiti vya kumbukumbu, kuna moja ambayo kichwa chake hatukubaliani: yeye asema bado bapa, mimi naona imeanza kutuna.